Bisibisi Haisikii Upepo

Siku niliyogundua kwamba mume wangu hasikii vizuri, nilikuwa nimetoka kumtukana. Tusi lenyewe halikuwa kubwa, tusi la ndani ya nyumba tu. Alikuwa ameingia na viatu vya grisi akakanyaga kitambaa cheupe cha mteja wangu, nami nikiwa nimempa mgongo nikamwambia kwamba hata punda ana adabu ya miguu kuliko yeye. Akanijibu kwa upole, "Asante, nimeshakula."

Nikageuka kumtazama. Nilidhani ananitania, maana mzee huyu akitania pembe za macho hukunjika kwanza kabla mdomo haujafunguka. Wapi! Uso wake ulikuwa mkavu, uso wa mtu aliyekaribishwa chakula. Hasira zikaniisha palepale, nikaanza kuogopa.

Na hebu sikia jambo lenyewe lilivyo la kuchekesha: mtaa mzima unamwita Fundi Sikio. Gari likiingia uani kwake, wenzake wangekimbilia spana. Yeye huchukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akiwa na shaka anauma ule mpini kwa meno. Kisha anasema, "Beringi ya dainamo hii, ya mbele." Wakifungua, ni beringi ya dainamo, ya mbele. Wapo waliosema ni uchawi. Mimi niliwaambia si uchawi, ni mwanamume anayesikiliza injini kuliko anavyomsikiliza mkewe.

Chumba changu cha kushonea kimepakana na karakana yake. Tumetenganishwa na ukuta mmoja wenye dirisha lisilo na kioo, na cherehani yangu iko chini ya dirisha hilo, kwa hiyo la uani halinipiti. Baada ya siku ile nikaanza kumchunguza. Honi anapigiwa hageuki. Simu inalia ndani ya mfuko wake mwenyewe mpaka inanyamaza kwa uchovu. Lakini injini anazisikia! Mwanzoni nikasema ahaa, huu ni ujeuri tu wa wanaume, chuma kinasikika ila mke hasikiki. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ni ile bisibisi. Sauti ilikuwa inapita kwenye chuma, inaingia kwenye mfupa, inamfikia. Ya hewani ndiyo haikufika tena.

Nikamwambia twende hospitali. Weee! Alinitolea macho kama nimemwambia tuuze watoto. Alisusa hata chai. Jioni, hasira zilipompoa, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, mimi nikikosa sikio, nitaitwa nani? Nani ataniachia gari lake?"

Habari ya hospitali nikaiacha. Tangu hapo nikawa mke mwenye kiherehere kuliko wote mtaani. Mteja akisema shida yake, mimi natoa kichwa dirishani, natazamana na mume wangu uso kwa uso, narudia kwa sauti: "Eti linazima likipanda kilima?" Yeye anasoma midomo yangu, anajibu kama vile amesikia mwenyewe. Watu walinisengenya, wakasema mke wa fundi hawezi kukaa kando na mambo ya watu. Kinyozi wa jirani aliwahi kuniuliza kama na mimi nimesomea magari. Nilijikaza kisabuni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi.

Basi, asubuhi moja akaja Mama Mkunga.

Huyu mama amestaafu, lakini nusu ya watu wa mtaa huu yeye ndiye wa kwanza kuwaona wakiwa uchi, wanangu wakiwemo. Alipoacha kazi, kila mtu alitarajia atafuga kuku. Badala yake akanunua gari la mbio, jekundu, la milango miwili, la chini mpaka ukitaka kuingia unakaa kwanza ndipo unaingiza miguu. Alipoulizwa na wanawe, akawaambia, "Nimengoja watoto wa watu watoke polepole maisha yangu yote. Sasa na mimi nataka kwenda haraka."

Siku hiyo alikuja polepole kuliko jongoo. Akazima injini akiwa bado katikati ya uwanja, akatoka jasho likimtiririka.

"Fundi, breki imekuwa ngumu kama jiwe," alisema. "Nakanyaga, haiendi. Pale kwenye kona nimesimama juu yake kwa miguu yote miwili, na bado nimeipiga busu ndoo ya muuza ndoo."

Nikachungulia dirishani. "Eti breki ni ngumu, unakanyaga kwa miguu yote miwili?"

"Ndivyo nilivyosema, mwanangu," alisema Mama Mkunga, akinitazama kwa mshangao.

Mume wangu akafanya ibada yake. Bisibisi kwenye injini, macho yamefumbwa, watu kimya. Injini ilikuwa tamu, haina kosa. Akafungua magurudumu, akakuta pedi za mbele zimekwisha, na upande mmoja umelika zaidi ya mwenzake. Akanionyesha dirishani kwa fahari. Pedi kweli zilikuwa zimekwisha, wala hakusema uongo, lakini pedi zilizokwisha hupiga kelele, hazifanyi breki iwe ngumu. Hilo analijua kuliko mimi. Ila mtu aliyezoea kuambiwa na sikio lake, sikio likinyamaza yeye hudhani mambo ni salama.

Akabadilisha pedi, akapaka grisi panapopakwa, akafunga. Mama Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi langu akinisimulia kwamba mchana huo anakwenda kumchukua dada yake mkubwa kule bondeni, wazunguke naye mjini wakiwa wamefungua vioo. Barabara ya bondeni naijua. Inateremka kwa kona mpaka unahisi masikio yanaziba.

"Mama!" mume wangu akaniita. "Njoo unikanyagie."

Hiyo ndiyo kazi yangu katika karakana hii tangu tuoane. Breki haikaguliwi na mtu mmoja. Lazima mmoja akanyage na mwingine atazame gurudumu. Nikajiweka ndani ya lile gari, magoti karibu yafike kidevuni, nikawasha, nikakanyaga. Ngumu! Mguu wangu huu unaendesha cherehani kutwa nzima, lakini pale uligoma. Na karibu na goti langu, chini ya dashibodi, pale pedali inapoingilia kwenye ukuta wa injini, kukatoka sauti: fsssss. Nikaachia, ikakata. Nikakanyaga, fsssss, na haikwishi.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu akitazama pedi zake mpya kwa mapenzi. Akanyanyua dole gumba. "Safi! Itakuwa ngumu kidogo leo, pedi mpya lazima zikae. Mama Mkunga, unaweza kwenda."

Mama Mkunga ameshasimama, ameshajitanda vizuri, mkono ameunyoosha kupokea ufunguo. Nikipaza sauti kwamba kuna upepo unavuja kwa kelele hivi na Fundi Sikio hausikii, nimemvua nguo mume wangu hadharani, na kinyozi yuko mlangoni kwake masikio yamemsimama. Nikinyamaza, mwanamke aliyewapokea wanangu anateremka bondeni na dada yake na breki isiyoshika. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ningemnong'oneza. Lakini jamani, kiziwi unamnong'onezaje? Siri ya kiziwi haina pa kusemewa ila kwa kelele!

"Toka basi, mama," akasema mume wangu.

"Sitoki."

"Eh?"

"SITOKI!"

Mama Mkunga akacheka. "Limemnogea. Mwache akae kidogo."

Nikamwita mume wangu kwa kidole. Alikuja akinung'unika, akapiga magoti penye mlango. Sikusema neno. Begani nilikuwa nimebakiza nyuzi, kama kawaida ya mshonaji. Nikachukua uzi mmoja mweupe, nikaushika kwa vidole viwili karibu na lile tundu la mpira ambamo fimbo ya pedali inaingia. Nikakanyaga. Uzi ukavutwa ukaingia tunduni. Nikaachia, ukalegea. Nikakanyaga tena, ukavutwa tena, ukakaa umenyooka hivyo hivyo muda wote nilipokuwa nimekanyaga.

Alitazama ule uzi. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa mambo mawili kwa pamoja: la gari, na la kwake. Uso ulimwanguka. Nilitamani kumkumbatia, lakini ndani ya gari lile hata kupiga chafya ni kazi.

"Zima," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ya kazi. "Kanyaga kanyaga, mara nyingi, mpaka iwe ngumu. Sasa shikilia usiachie. Washa."

Nikawasha.

"Imezama chini kidogo?"

Nikatikisa kichwa. Haikuzama hata unywele.

Alisimama, akamgeukia Mama Mkunga. "Mama, gari haliendi leo. Busta ya breki imekufa."

Akamweleza, na mimi nikasikiliza kwa sababu napenda akieleza. Busta ni lile bakuli jeusi la chuma nyuma ya injini, ndani lina ngozi ya mpira. Injini inanyonya hewa upande mmoja wa ngozi, ukikanyaga hewa ya nje inaisukuma kutoka upande wa pili, na nguvu hiyo ndiyo inayomsaidia dereva. Ngozi ikichanika, msaidizi hayupo, umebaki wewe na mguu wako. Akafungua boneti, akapitisha kidole nyuma ya masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, kikatoka kimelowa. Mafuta ya breki yalikuwa yanavujia ndani ya busta kimyakimya, yakaulainisha mpira mpaka ukachanika.

"Umejuaje?" aliuliza Mama Mkunga.

Kinyozi alikuwa anatazama. "Nimejua tu," akasema mume wangu, akajifanya anatafuta spana.

Muuza vipuri alileta busta na masta silinda kesho yake. Nilikuwa nimewahi kuona kazi hiyo kwenye magari ya kawaida, lakini kwenye gari la mbio ni adhabu. Nati za busta ziko chini ya dashibodi, juu kabisa, na mume wangu si mwembamba. Ilibidi aingie kinyumenyume, kichwa chini kwenye pedali, mgongo kwenye kiti, miguu ameitundika juu ya kiegemeo. Alipotaka kutoka hakutoka. Tukamvuta, mimi mguu mmoja na dereva wa teksi aliyekuwa anasubiri zamu yake mguu mwingine.

"Msivute hivyo!" Mama Mkunga akapiga kelele. "Huyu ametanguliza miguu! Mgeuzeni bega kwanza!" Akaingia kazini kana kwamba hajastaafu, akamzungusha bega, na mume wangu akatoka mwekundu, nywele zimesimama. "Ni mvulana," akatangaza. Dereva wa teksi alicheka mpaka akakaa chini.

Niliona mume wangu naye anacheka, na moyo ukanitulia. Akalinganisha busta ya zamani na mpya, akapima ile fimbo inayosukuma masta silinda, akaizungusha kidogo, akapima tena. Ikizidi urefu, alisema, breki hazitaachia, magurudumu yatashika yenyewe njiani. Ikipungua, pedali itazama bure. Akafunga nati, akaunganisha mpira wa hewa, tukatoa upepo kwenye mabomba ya breki. Mimi kukanyaga, yeye kufungua. Kila nilipokanyaga niligonga mlango kwa ngumi ili ausikie kwa kiganja chake kwenye bodi, ule ujanja wetu wa siku zote. Watu waliona mke mwenye vurugu tu.

Kisha ikafika saa ya kukagua. Kinyozi ameacha kichwa cha mtu nusu, dereva wa teksi ameegemea nguzo, Mama Mkunga ameshika kiuno. Wote walikuwa wanamngoja Fundi Sikio asikilize. Nikawasha injini. Mume wangu akachukua bisibisi, akaweka ncha juu ya bakuli jipya la busta, mpini nyuma ya sikio, macho akafumba.

Mimi nilijua. Chuma kitamwambia habari za injini. Upepo unaopita kwenye mpira uliochanika hausafiri ndani ya bisibisi. Angeweza kusema "safi", na kila mtu angeamini, na huenda kweli ingekuwa safi. Au huenda fundi wa kiwandani alipitiwa na usingizi siku ile ile busta hiyo ilipotengenezwa. Mama Mkunga alikuwa ameshafungua mkoba kutafuta miwani yake ya jua.

Mume wangu akafumbua macho. Alikaa ameinama juu ya injini muda mrefu. Kisha akaishusha bisibisi, akaiweka juu ya bawa la gari, akaja mlangoni kwangu.

"Mke wangu," alisema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, kila mtu akasikia. "Mimi sisikii. Upepo siusikii, na watu siwasikii. Ni muda sasa. Jana ni wewe uliyesikia, si mimi. Sikiliza vizuri, uniambie. Huyu mama anashuka bondeni."

Kinyozi alikuwa na mkasi hewani. Mimi machozi yalinijaa, na hasira pia zilinijaa, maana nilitaka kulia na kazi ilikuwa inanisubiri. Nikainamisha kichwa karibu na pedali, nikakanyaga. Fs, fupi, kama mtu anayepuliza mshumaa, kisha kimya. Nikashikilia. Kimya. Nikazima, nikakanyaga kanyaga mpaka ikawa ngumu, nikashikilia, nikawasha, na pedali ikazama chini ya mguu wangu taratibu, kana kwamba kuna mtu amekuja kunisaidia.

"IMEZAMA!" nikamwambia. "NA HAIVUJI!"

"Una hakika?"

"Nina hakika kuliko nilivyokuwa na hakika siku uliyonioa!"

"Umesema siku niliyooa mkosi?" alisema, na pembe za macho zikakunjika. Sasa hapo alikuwa anatania.

Mama Mkunga akamsogelea. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alimwambia mume wangu, amesimama mbele yake ili auone mdomo. "Hiyo bisibisi ukiiuma unasikia?"

"Nasikia."

"Basi mshipa wa kusikia huenda uko hai, mlango ndio umeziba. Nikirudi nakupeleka kwa daktari wa masikio, na usinijibu, maana nimeshabishana na wanaume wakubwa kuliko wewe wakiwa wamezimia kwenye korido." Akaingia kwenye gari, akalipeleka mpaka mwisho wa barabara, akageuza, akaja mbio kweli kweli. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, gari jekundu lilikuwa limesimama mbele ya mlango wangu na Mama Mkunga anapunga mkono, mguu mmoja tu ukiwa kwenye breki. Akaondoka zake kwenda bondeni, vioo vyote chini.

Tukabaki sisi. Mume wangu alikuwa anafuta mikono kwa tambara, anaifuta mikono ambayo imeshafutika. Alikuwa hamtazami mtu. Niliona anangoja, na mimi nilikuwa nangoja kitu kile kile, nimeshika ukingo wa dirisha. Teksi ilikuwa uani bado. Dereva alikuwa amekuja asubuhi na mapema kwa ajili ya Fundi Sikio, na sasa ameshajua kwamba sikio halipo. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Dereva alijikuna kidevu. Akatazama barabarani, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "langu linagonga chini likipita kwenye mashimo. Na likikata kona linalia kama paka." Akaurusha ufunguo juu ya boneti ya teksi. "Jioni nalipitia."

Mume wangu alikuwa ameona midomo ikicheza, lakini dereva alikuwa amegeuka upande wangu. Akaacha kufuta mikono. Siku zote angejifanya amesikia, angetikisa kichwa, halafu anitafute dirishani kwa pembe ya jicho. Sasa akanigeukia mzima mzima, mbele ya dereva, mbele ya kinyozi na yule mteja wake mwenye nusu ya nywele.

"Anasemaje?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, neno kwa neno, paka na mashimo yake, naye akasikiliza mpaka mwisho, akachukua jeki, akaingia chini ya teksi.